Kicheko cha Penina

Mwanangu Penina anacheka watu wanapolia, na analia watu wanapokunywa chai. Naanza na hilo kwa sababu ndilo majirani zake wa Nyasho, pale Musoma, wanalolijua, na ndilo lililokaribia kumtoa kwenye nyumba yake. Mengine niliyaona mimi mama yake. Hayasemeki, lakini nimeshayasema mbele ya mtu ambaye sikupaswa hata kumtazama usoni, na baada ya hapo sijui ninaficha nini tena.

Nilimzaa Kiabakari, wakati baba yake akihangaika na mashimo ya dhahabu ya zamani. Hakuwa mtoto wa maneno. Alikuwa mtoto wa mikono. Alipomaliza darasa la saba nilimpeleka Bunda kwa mama mmoja fundi cherehani, Bi Najat, na alirudi anajua kukata sare ya shule bila kumpima mtoto, anamwangalia tu akipita. Sare ndizo zilizomlisha. Na sare ndizo zilizomkutanisha na Stanislausi, maana alikuja kushonewa ovaroli akamwambia kwamba fundi mwenyewe ndiye anayemtaka, ovaroli inaweza kusubiri.

Stanislausi ni mtu wa Majita, fundi wa injini za mitumbwi pale Mwigobero, kando ya ziwa. Alitoa ng'ombe, wazee wakaridhika, akamchukua. Mimi si mtu wa kuzungumzia mapenzi, sikufundishwa, lakini nina macho. Nikiwatembelea niliona jinsi mwanangu alivyokuwa anaacha shati nusu kwenye cherehani akisikia tu pikipiki ya mume wake inakata kona. Niliona yule kijana anarudi mchana eti amesahau spana, anakula ugali wake polepole, anaondoka bila spana. Nikawa naangalia pembeni. Nilifurahi, na furaha ya namna hiyo mama anaificha.

Ugonjwa ulianzia jichoni. Penina alishindwa kutunga uzi kwenye sindano, akasema ni kama anatazama kwa kioo chenye mafuta. Jicho likapona lenyewe, tukashukuru. Halafu mguu wa kulia ukawa mzito kwenye kanyagio la cherehani. Halafu mikono ikafa ganzi. Wakati mwingine alikuwa mzima kabisa, na wiki inayofuata anashika ukuta. Watu walisema ametupiwa kitu. Tuliombewa, tukanyweshwa mizizi, tukachanjwa chale. Mwishowe Stanislausi mwenyewe aliuza injini yake ya akiba, akampeleka Mwanza, kwenye mashine inayopiga picha ndani ya kichwa na uti wa mgongo.

Jina la ugonjwa ni refu, sisi tunaliita em-esi kama wanavyoliita hospitali. Daktari wa Musoma anayemhudumia sasa alinieleza kwa Kiswahili cha kawaida. Mwili una askari wake wa kufukuza maradhi. Wa Penina wamekosea adui, wanatafuna ganda la mishipa ya fahamu, ile inayobeba habari kutoka kichwani kwenda mwilini na kurudi. Habari zinachelewa, nyingine zinapotea njiani. Hauponi, lakini kuna dawa ya kuwapunguza kasi hao askari. Nilielewa. Nilidhani habari zinazopotea ni za miguu tu.

Kisha akafa baba mkwe wa Penina.

Tulikwenda Majita kuzika. Mzee yule alimpenda Penina, alikuwa anamwita "mwali wangu" hata baada ya kuzaa watoto wawili. Jeneza lilipokuwa linashushwa, wanawake wakaanza kulia, na mwanangu akaanza kucheka. Mwanzoni nilidhani ni kwikwi. Halafu sauti ikatoka, kicheko cha juu, cha mtu aliyesimuliwa kichekesho sokoni. Nilimfunika kwa khanga yangu. Nilimbana mkono mpaka kucha zikaingia, naye akazidi kucheka huku machozi yanamtiririka na macho yananiomba kitu ambacho sikujua ni nini.

Mwanamke mmoja nyuma yetu alisema, si kwa sauti ndogo, "Huyu mkwe amefurahi nini? Au alikuwa anahesabu mashamba?"

Mwingine akajibu, "Mwacheni, leo ndiyo harusi yake."

Stanislausi alikuwa ameshika kamba upande wa pili wa kaburi. Alimtazama mke wake mara moja tu. Magesa, kaka yake mkubwa, mnunuzi wa pamba anayekaa Bunda, alimtazama muda mrefu zaidi.

Nilikwenda na Penina kliniki nikamweleza daktari lile jambo huku nimeinamia sakafu. Alisema ni ugonjwa uleule. Kicheko na kilio vinatoka bila moyo kuvituma, kama mguu unavyoruka ukigongwa gotini. Akasema kuna dawa ya kuvipunguza, tutaanza nayo taratibu. Kisha akauliza, "Na mumeo yuko wapi siku hizi? Alikuwa anaingia na wewe ndani."

"Ana kazi," Penina alijibu.

"Na mambo ya unyumba?"

"Hayana shida," akasema mwanangu, akanitazama mimi, akaanza kulia.

Daktari akasema mume aje. Tukasema sawa. Hatukumwambia mume kitu.

Nilikaa kwao wiki ile kumsaidia, na macho yangu haya hayajui kupumzika. Kwa desturi yetu mama mkwe hakanyagi chumba anacholala mkwe wake, hampi mkono, hali naye meza moja. Nilikuwa nalala chumba cha watoto. Lakini sebuleni niliona godoro limekunjwa nyuma ya kochi, na shuka la Stanislausi juu yake. Uani niliona Penina anaamka gizagiza, anashika kuta, anafua shuka moja peke yake, analianika nyuma ya choo mahali ambapo mtu hapiti. Siku tuliyohesabu vidonge vyake, yeye akiwa chumbani na mimi nimesimama mlangoni, niliona nailoni imetandikwa upande mmoja wa kitanda.

Tulikuwa tunachambua dagaa uani, yeye amenipa mgongo, nilipomwuliza. Kumbe kunipa mgongo ndiko kulikomsaidia. Akiutazama uso wa mtu kicheko kinamkamata koo. Bila uso, maneno yalitoka.

"Mama, mimi simkatai. Kuanzia kiunoni kwenda chini, akinigusa ni kama ananigusa juu ya blanketi. Mahali pengine hata blanketi halipo, panawaka kama nimemwagiwa uji, shuka tu likipita napiga kelele."

"Umemwambia?"

"Na mkojo, mama. Haupigagi hodi. Mara mbili nimeshtukia nimelowa. Yeye alikuwa amelala kwenye mtumbwi wa watu ziwani, hakuona. Nikasema siku akiwa hapa, nikiwa naye, ikatokea..." Nilisikia dagaa wanaanguka kwenye sinia. "Basi nalala na nguo zangu zote nimegeukia ukutani. Usiku mmoja akaniuliza kama kuna mwanaume mwingine. Aliuliza vizuri, mama, alikuwa anatetemeka. Nikafungua mdomo kumweleza, nikacheka."

"Ukamcheka."

"Nikamcheka mpaka akachukua godoro la watoto la akiba akatoka."

Moyoni niliona aibu ambayo sijawahi kuipata hata siku ya mazishi. Mazishini ilikuwa aibu ya mbele za watu. Hii ilikuwa imeingia mpaka ndani ya kitanda cha mtoto wangu.

Kwetu mambo ya chumbani hayasemwi na mama. Yana mtu wake, na mtu huyo ni shangazi, dada wa baba. Ndiye anayemfundisha binti kabla ya ndoa, na ndiye anayeitwa chumba kikivurugika. Nikampigia simu wifi yangu Gati, aliyeolewa Nyamuswa. Na hapa ndipo nilipoharibu. Nilimwambia mguu ni mzito, nikamwambia chumbani hawaelewani. Mkojo sikuutaja. Niliona kuutaja ni kumvua mwanangu nguo barabarani.

Gati alifika na kuku wawili na maneno mengi. Alinyoosha miguu kwenye mkeka.

"Haya, binti, nimeitwa. Nasikia jogoo analala sebuleni."

Penina aliinamisha kichwa. "Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Unamnyima?"

"Simnyimi, shangazi."

"Basi yeye ndiye amekuwa padri?" Gati alinikonyeza. "Sikiliza. Marehemu mume wangu alikuwa anakoroma kama mashine ya kukoboa, na mdomo wote ugoro. Unadhani nilikuwaga na hamu? Lakini nilijua nimetolewa ng'ombe. Mwanamke anafumba macho, anawaza shamba lake la mihogo, palizi ifike wapi. Kabla hujafika mwisho wa tuta, mzee ameshalala."

Niliona pembe ya mdomo wa Penina inaanza kucheza. Ile dalili nilikuwa nimeshaijua. Kicheko kikatoka. Gati naye akacheka, akafurahi kwamba hadithi yake imekubalika. Halafu yeye akaacha, na Penina hakuacha.

"Inatosha," Gati akasema.

Penina alikuwa ameziba mdomo kwa mikono miwili, mabega yanaruka.

"Wifi, mtoto wako ananicheka mimi, dada wa baba yake."

"Ni ugonjwa, wifi."

"Ulisema ugonjwa ni wa mguu. Mguu ndio unacheka?"

Hapo ndipo ningesema yote. Neno lilikuwa mdomoni, na ulimi ukakataa. Gati akajifunga khanga, akawaacha kuku wake, akaondoka. Lakini hakwenda moja kwa moja kupanda gari la Nyamuswa. Alipita Mwigobero, akamkuta mkwe kwenye kazi yake, akamwambia mbele ya mafundi wenzake kwamba sisi upande wa mke tumejaribu, binti amekuwa mgumu, wanaume wakae waone la kufanya.

Wanaume walikaa. Magesa alipiga simu kutoka Bunda, Penina akaniwekea sauti ya nje nisikie. Alisema kwa adabu sana kwamba Jumamosi atakuja na wazee wawili, na wanaona ni vizuri shemeji arudi kwao Kiabakari akaugulie huko kwa mama yake. Sisi tunajua maana ya "akaugulie kwao." Nguo zinafungwa, watoto wanabaki kwa baba yao, na baadaye wanakuja kuulizia ng'ombe, kwa kuwa mwanamke ndiye aliyekataa kitanda. Benson na mdogo wake wangebaki, Penina angeondoka na cherehani asiyoweza tena kuikanyaga vizuri.

"Kaongee naye, mama," Penina akaniambia.

"Mimi? Na mkwe?"

"Shangazi hawezi tena. Mimi nikifungua mdomo unajua kitakachotoka."

Ijumaa mchana Stanislausi alikuwa uani anafungua injini ya mteja, ameifunga kwenye gogo. Jiko la Penina ni la mabati, liko palepale ubavuni. Niliingia jikoni, nikaketi kwenye kigoda, nikaupa ukuta mgongo. Kati yangu na yeye kulikuwa na bati moja. Nilifunika kichwa kwa khanga ingawa hakuna aliyekuwa ananiona.

"Baba Benson."

Nyundo ikanyamaza. "Mama? Shikamoo."

"Marahaba. Usije huku. Baki na kazi yako. Nina maneno, na nikiuona uso wako sitayasema."

"Mama, kama ni ya kikao, mimi nimemwachia kaka."

"Si ya kikao. Ni ya chumbani kwako."

Nilisikia chuma kimeanguka. "Hapana, mama. Hayo yana shangazi."

"Shangazi hakuyajua. Nilimficha kwa aibu. Wewe gonga, baba, endelea kugonga. Itanisaidia."

Kweli akaanza kugonga, polepole, bila kazi yoyote, nilijua kwa mlio. Nikasema. Nilimwambia habari ya blanketi. Nilimwambia habari ya kuwaka. Nilitaja sehemu za mwili wa mke wake ambazo mimi nilikoma kuzitaja tangu nilipoacha kumwogesha akiwa mdogo. Jasho lilinitoka kama niko juu ya moto, na jiko lilikuwa limezimika. Yeye aligonga.

"Na mkojo unamtoka bila kumwambia," nikasema. "Anaogopa kukukojolea."

Nyundo ikasimama.

"Kunikojolea?"

"Ndiyo maana anafua alfajiri. Ndiyo maana kuna nailoni. Ndiyo maana anageukia ukutani."

Sauti yake ilipokuja ilikuwa ya chini. "Mimi nilidhani ni harufu ya petroli. Nilibadilisha sabuni, mama. Nikanunua ile ya kinamama, ya maua. Wenzangu pale walinichekaga wiki nzima."

Niliuma khanga nisicheke. Nilijua nikicheka mimi, yote yamekwisha.

"Nikamwuliza, akanicheka usoni," akasema. "Nilimwuliza neno ambalo mwanaume haliulizi mara mbili."

"Kicheko si chake. Daktari amesema kinajitokea, moyo haujakituma. Uliacha kwenda naye kliniki, ungesikia mwenyewe."

"Hata siku ya baba?"

"Hata siku ya baba. Nilimbana mkono mpaka damu. Alama unaweza kuziona, kama bado unamwangalia."

Nikajuta kusema hilo la mwisho. Lakini hakukasirika. Alichokiuliza kilikuwa kibaya zaidi.

"Mama, bado ananitaka?"

Mkwe kumwuliza mama mkwe hivyo. Wazee wangesikia, wangetema mate chini. Nilifumba macho.

"Amesema kichwani na mabegani anasikia vizuri kama zamani. Amesema ukimshika kichwa anasikia kila kidole."

Nilisikia maji yanamwagwa kwenye beseni, mikono inasuguliwa, inasuguliwa tena. Kisha akapita mbele ya mlango wa jiko ameugeuza uso wake upande wa uzio, kama desturi inavyotaka, akaingia ndani. Mlango wa chumba ulifungwa. Baada ya kitambo nikamsikia Penina ameanza. Kile kicheko cha juu. Nikashika kichwa changu.

Sauti ya Stanislausi ikasema, "Cheka. Niko hapa. Ukimaliza utaniambia."

Nikatoka nikaenda barabarani, nikajifanya nanunua nyanya. Nilinunua nyingi kuliko tulizohitaji.

Jumamosi Magesa alifika na wazee wake. Stanislausi aliwapa viti, akawaambia mke wake haendi popote, anaugua kwake. Magesa alimwuliza kama amelishwa kitu. Akamjibu kwamba amelishwa sangara, na wao pia wanakaribishwa. Wakala. Hawakuridhika, na mpaka leo Magesa akipita Musoma hafiki pale nyumbani. Gati naye alipata habari ya jiko la bati, sijui kwa nani. Alinipigia akasema nimevunja heshima ya ukoo, mama hawezi kusema mwili wa bintiye mbele ya mkwe, na mwanaume yule akifa kesho watu watasema ni mwiko niliouvunja mimi. Sikubishana naye. Ananionea aibu, na mimi najionea.

Ugonjwa haukuondoka. Kicheko kimepungua kwa dawa lakini hakijaisha. Kuna siku Penina anamfukuza mume wake chumbani kwa hasira zisizo na sababu, halafu analia kwa sababu ametoka. Godoro la sebuleni limerudi kwa watoto. Nailoni sasa imetandikwa pande zote mbili za kitanda. Niliiona kutoka mlangoni, nikageuka.

Mimi na Stanislausi tumekuwa mbali kuliko mwanzo. Akitaka kunipa kitu anakiweka chini, anarudi nyuma, ndipo nakichukua. Salamu zetu ni fupi.

Mwezi uliopita Penina alihitaji mabega mawili kupanda ngazi za kliniki, la mumewe na langu, kwa hiyo tukajikuta sote watatu mbele ya daktari. Akaandika dawa, akapima mguu, kisha akauliza swali lake lilelile.

"Na mambo ya unyumba, yanaendaje?"

Penina akanitazama mimi. Stanislausi akatazama viatu vyangu, na nikaona anasubiri. Wote wawili walikuwa wanasubiri niseme, kama vile nimeajiriwa. Masikio yaliniwaka. Nikainuka, nikajifunika khanga yangu vizuri, nikatoka bila kuaga. Kabla mlango haujafungika nilimsikia mkwe wangu anakohoa, anasogeza kiti, anaanza, "Daktari, sisi wawili..."

Kulikuwa na nafasi kwenye benchi la pale mlangoni, na ukuta wa chumba kile ni mwembamba. Nikalipita. Nilikwenda mpaka mwisho wa korido, nikakaa na wanawake wenye watoto wa chanjo, na mmoja akanipa mtoto wake nimshikie.